Mama Shuka na Hadithi ya Punda Aliyeambiwa Asubiri

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya kutunza vitanda vyetu, msimamizi wa bweni la wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, ambaye hapa tunamwita Mama Shuka tu, atakabidhi funguo zake tarehe 31 Desemba mwaka huu. Funguo zenyewe ni arobaini na tatu, na kila moja anaijua kwa kuipapasa. Ofisi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sikuuliza kama kuna sababu nyingine, ingawa hapa kwetu kila jambo tunaliwekea sababu nyingine.

Aliingia kiwandani akiwa mfuaji. Wakati huo hakukuwa na mashine. Shuka zilifuliwa kwa mikono kwenye mabeseni ya saruji nyuma ya jiko, na vumbi la udongo mwekundu lilikuwa halitoki hata kwa kuombewa. Wanaosimulia wanasema hata mwezi wa pili haujaisha alipokwenda kwa meneja wa siku hizo na shuka mbili, moja aliyoifua yeye na moja ya zamani, akazitandaza mezani juu ya karatasi za watu, akasimama kimya. Mwaka uliofuata akapewa stoo ya shuka na mablanketi. Miaka sita baadaye akawa msimamizi wa bweni zima, vitanda mia moja na kumi na viwili.

Ndiye aliyeanza kushona alama ya uzi kwenye kona ya kila blanketi, rangi yake na idadi ya mishono kulingana na kitanda. Tangu hapo hakuna blanketi lililopotea likakosa kurudi. Ndiye pia aliyepigana na kunguni. Siku hiyo alitoa nje magodoro yote, na alipoambiwa kwamba chumba cha wageni wa ofisi hakihusiki, aliingia mwenyewe akatoka na godoro la wageni kichwani. Kunguni wengi walikutwa humo. Ofisi haipendi kukumbushwa, lakini nimeombwa niandike aliyoyafanya.

Jambo moja lazima mlijue kuhusu Mama Shuka, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Hatii sahihi kwa kitu ambacho hajakiona. Lori la sabuni likifika na katoni arobaini, hufungua katoni arobaini. Dereva mmoja aliwahi kulia njaa getini kuanzia asubuhi hadi saa nane.

"Mama, si uniamini tu, nimetoka mbali!"

"Nakuamini sana, mwanangu. Sabuni ndiyo siiamini. Fungua."

Sasa nije kwenye Krismasi.

Tanuri la matofali halizimwi. Likizimwa, huchukua siku nyingi kupata moto wake tena, na matofali yaliyomo hupasuka. Kwa hiyo wengine wanapokwenda makwao mwisho wa mwaka, sisi tunabaki. Mikataba yetu inasema hivyo, na tuliisaini. Kila tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri, Mama Shuka alitukusanya kwenye ukumbi wa chakula, akawaacha watu wanne tu kwenye moto, akatupa chai ya maziwa, akavaa miwani, akatusomea hadithi ya watoto.

Kitabu chenyewe kilitoka kwenye gunia la mitumba, hakina jalada na kurasa mbili za mwanzo hazipo. Wengi wetu hadithi hiyo tulisomewa shuleni, majira hayohayo, na tunaijua kwa juujuu. Msafiri mwenye masanduku anaazima punda wa familia maskini ili afike mjini kabla ya Krismasi. Anamwahidi binti wa nyumba ile viatu. Akifika kwenye nyumba kubwa anamfunga punda getini kwa fundo la haraka tu, fundo ambalo hata kuku angelifungua, anamwambia, "Subiri hapa." Ndani kuna taa na nyimbo. Msafiri anasahau. Mvua ya baridi inanyesha. Asubuhi ya Krismasi punda anakutwa amekufa, ameelekea barabara ya kwao, na viatu vimo kwenye tandiko.

Hebu fikirini wenyewe. Watu wazima mia moja waliokatazwa kwenda kwao wanasomewa habari za punda aliyeambiwa asubiri.

Aliyekuwa wa kwanza kuinua nyusi ni Fundi Tanuri, mzee wetu wa moto, mtu ambaye hata kipimajoto hukigonga mara mbili kabla ya kukisoma.

"Jamani, chai ya maziwa ya bure, na hadithi juu. Nyie hamjiulizi? Wanatufundisha kusubiri hawa."

Mpakiaji mmoja akamjibu, "Mbona mimi naona inafundisha kung'oa kamba?"

"Basi ing'oe tukuone. Geti lile pale."

Hakuna aliyeng'oa. Lakini tangu hapo tulianza kuangalia. Tuliona kwamba Mama Shuka hupanga mabenchi ili nyuso zetu zielekee madirishani, na yeye huketi penye kivuli. Tuliona kwamba anasoma mstari, kisha anatuangalia kwa juu ya miwani, kisha anarudi kwenye mstari. Tuliona kijidaftari cha bluu pembeni ya kikombe chake. Mtu anayesoma hadithi anahitaji daftari la nini?

Kisha akaondoka Seremala. Seremala alikuwa mtu wa kitanda cha kumi na nne, mpole, mwenye kucheka ovyo. Mwaka wangu wa pili hapa alilia wakati wa hadithi, akalia kwelikweli, mpaka chai yake ikapoa. Tarehe 26 aliitwa stoo ya shuka. Tarehe 4 Januari tuliamka tukakuta kitanda chake kimetandikwa shuka mpya. Tukamuuliza Mama Shuka.

"Ameenda," alisema.

"Ameenda wapi, mama?"

"Nimesema ameenda. Chukua foronya yako."

Mwaka uliofuata walilia wawili, na wote wawili wakaenda. Hakuna aliyerudi bwenini. Namba zao za simu hazikupatikana. Fundi Tanuri akalitoa neno ambalo wote tulikuwa nalo mdomoni, kwamba kiwanda hakitaki watu wenye kukumbuka kwao, maana hao ndio wanaotoroka, na kwamba mama huyu anawachagua mmoja mmoja kwa machozi, kama mtu anayechambua mchele.

Basi tukajifunza kutolia. Nasema tukajifunza, maana ilikuwa kazi. Kuna waliojifinya mapaja. Kuna aliyekuwa akinyonya kipande cha ndimu. Shemeji, jirani yangu wa kitanda cha juu, alikuwa akipiga hesabu za kuzidisha kimoyomoyo, na siku moja alitamka "hamsini na sita" kwa sauti, katikati ya mvua ya punda. Mimi nilihesabu mabati ya paa, kama nilivyofanya tangu mwaka wa kwanza. Kila Krismasi nilianzia kona ya jikoni nikaenda hadi mlangoni, kisha nikarudi. Nilipata mia moja na nane. Nilikuwa na sababu yangu: nilimwacha mke wangu na mimba ya miezi minne, na niliogopa kufukuzwa mikono mitupu. Binti yangu alizaliwa, akatambaa, akaota meno, akaanza shule. Mimi ananijua kwa sauti tu. Huniita Baba wa Simu, tena mbele ya wageni, kama vile ni jina langu la ukoo. Kila mwaka nilisema mwakani nitakwenda. Nimesema hivyo mara saba.

Oktoba mwaka huu milango ya bafu ilioza, ofisi ikaleta mtu wa kuitengeneza. Alishuka kwenye lori na sanduku la vyombo, amenenepa, ana kitambi cha mtu anayelala vizuri. Alikuwa Seremala.

Fundi Tanuri alimzunguka kwanza kama anayekagua tofali.

"Wewe si ulifukuzwa?"

"Nani kanifukuza, mzee? Nilipewa likizo ya huruma. Mwezi mzima, na nauli ya kiwanda. Niliporudi nafasi yangu kwenye moto ilishajazwa, wakanipeleka machimbo ya udongo. Simu yangu iliibwa njiani, na machimboni hakuna mtandao. Wale wawili nao tuko nao hukohuko, wanawasalimu."

"Likizo gani hiyo? Mbona sisi hatuijui?"

"Ziko nafasi tatu kwa mwaka. Ofisi haitaki zitangazwe. Mama Shuka ndiye anayeshuhudia." Akatuangalia usoni mmoja mmoja, akashangaa. "Kwani nyie mlidhani nini?"

Shemeji alikaa chini kwenye ngazi ya bafu. Nadhani wote tulikuwa tunahesabu Krismasi.

Nafasi tatu kwa mwaka, na kwa miaka minne iliyopita, baada ya sisi kufuzu kukaza nyuso, hakuna hata moja iliyotumika.

Mtafikiri tulikwenda kumwomba radhi. Hapana. Sisi ni watu wa hapa. Tulikubaliana kwamba mwaka huu tutalia.

Tarehe 24 mliona wenyewe, lakini niandike kwa ajili ya ambao hawakuwepo. Saa tisa ukumbi ulijaa kuliko siku ya nyama. Watu walikuja na leso zilizopigwa pasi. Mama Shuka alivaa miwani, akabuni mwanzo wa hadithi kama kawaida yake, kwa kuwa kurasa hazipo, na hata hajafika kwa msafiri, benchi la nyuma lilianza kwikwi. Likapokelewa na la katikati. Fundi Tanuri alikuwa na glavu za moto mkononi, akajifunika nazo uso, na mabega yakawa yanapanda na kushuka.

Mama Shuka alishusha kitabu.

"Punda bado hajatoka zizini," alisema. "Mnalilia nini?"

Kicheko kilitoka mahali fulani, kikazimwa. Akaendelea kusoma kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma orodha ya foronya. Wenzangu wakayatunza machozi wakisubiri kifo cha punda, ili walie vizuri.

Mimi nilijaribu kulia nikashindwa. Macho yalikuwa makavu kama unga wa tofali. Nikaona nafasi yangu ya nane inapita. Na kwa kuwa safari hii sikuwa na haja ya kuhesabu bati, nikabaki sina la kufanya ila kusikiliza. Ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka saba sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Nilijua kuna punda, nilijua anakufa. Sikujua kwamba katikati, msafiri akiwa bado njiani, kuna mahali panaporudi nyumbani, kwa yule binti. Pana mistari mitatu tu. Inasema kila jioni binti alikata majani ya punda, akayaweka mlangoni, akazidisha kidogo kuliko jana, kwa kuwa atarudi na njaa zaidi.

Mwezi wa kumi na moja mke wangu aliniambia kwamba mtoto huweka ndoo ya maji mlangoni kila mkesha wa Krismasi. Ukimuuliza, anasema Baba wa Simu atafika ana vumbi miguuni. Mke wangu alinisimulia akicheka, nami nilicheka, tukahamia habari za ada ya shule.

Sitaandika zaidi kuhusu mistari ile mitatu. Shemeji alinisukuma kwa kiwiko: "Mapema mno wewe, bado hajafa!"

Punda alipokufa ukumbi ulilipuka. Mpishi alitoka jikoni akidhani pamewaka moto.

Tarehe 26 niliitwa stoo ya shuka. Kabla sijakwenda, Fundi Tanuri aliniambia niache viatu vyangu bwenini ili lolote likitokea wawe na ushahidi kwamba nilikusudia kurudi. Mama Shuka alikuwa amekaa kati ya marundo ya mablanketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, baba. Mlango uache wazi, najua hamniamini. Na mbona pekupeku?"

Nikakaa, nikaificha miguu nyuma ya rundo la mablanketi.

"Miaka saba nasoma, wewe unaangalia paa. Kuna nini huko juu?"

"Bati, mama. Mia moja na nane."

"Mia moja na tisa. Moja liko nyuma ya nguzo." Akavuta karatasi, akaigeuza nione. Ilikuwa na mistari ya kujaza, na chini yake imeandikwa: *Nathibitisha kwamba nimemwona kwa macho yangu mfanyakazi huyu akiwa amelemewa na upweke.* "Hii ndiyo wanayotaka nitie sahihi. Mwanaume gani wa bweni hili amewahi kuja dirishani kwangu akasema, mama, nimelemewa? Hakuna hata mmoja. Mnakuja kusema taa imeungua. Basi nikatafuta njia ya kuwaona. Nikitangaza, mtafanya kama mlivyofanya juzi."

"Lakini ulituona tunajifinya, mama."

"Niliwaona. Ningeandika nini? Kwamba mtu ana paja jekundu?"

Nikamuuliza kuhusu wote waliolia juzi, mbona kaniita mimi. Akasema walilia punda alipokufa, na pale hata yeye alilia mwaka wa kwanza. Anayejifanya hulia mahali palipoandaliwa. Hajawahi kuona mtu akijifanya kwa ajili ya majani ya punda. Nafasi nyingine mbili alikuwa ameshazijaza. Moja ni ya mpishi wa asubuhi, aliyelia kwenye mstari wa tandiko kulowa. Nyingine ni ya mpakiaji ambaye hakulia kabisa. Huyo alitoka nje kabla hadithi haijaanza, akasimama kwenye ukuta wa nyuma, na Mama Shuka alimwona kupitia dirishani wakati sisi tunapiga kwikwi.

Alitia sahihi mbele yangu, taratibu, herufi zote za jina lake. Mimi niliipeleka karatasi dirishani nikaiangalia kwa mwanga. Kisha nikaenda kwa karani nikamuuliza kama muhuri ni halisi. Karani akasema ni halisi. Nikamuuliza karani wa pili.

Jioni hiyo nikapiga simu nyumbani. Alipokea binti yangu.

"Nakuja," nikamwambia. "Nimepewa ruhusa."

"Nani amekupa?"

"Mama mmoja wa hapa kazini."

"Anaitwa nani? Mbona zamani hakukupa?"

Nikamweleza kwamba ruhusa ilikuwepo miaka yote, ila mimi nilimdhania vibaya. Akafikiri, nikasikia anafikiri. Kisha akasema, "Mimi nitaamini nikikuona," akampa mama yake simu. Nilijua ni mwanangu.

Basi langu linaondoka tarehe 28 alfajiri, na sherehe ni tarehe 30. Haya mnasomewa na Fundi Tanuri, ambaye mpaka naandika ananiambia nisishukuru chochote mpaka nishuke mlangoni kwangu. Mzee, soma kama ilivyoandikwa, usipunguze.

Tumeuliza ofisi kama nafasi tatu zitaendelea baada ya Mama Shuka. Tumejibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Jibu hilo tunalifahamu, na tutaliuliza tena mwezi ujao, na mwezi unaofuata, kwa maandishi, tukiwa wengi. Safari hii shaka yetu tunaipeleka mahali pake.

Mama Shuka, bweni hili linakushukuru kwa shuka safi miaka ishirini na tisa, kwa mablanketi ambayo hayakupotea, kwa kunguni uliowafukuza hata kwa wakubwa. Tunakushukuru kwa kutuangalia usoni kila mwaka, wakati sisi tulidhani unatupeleleza. Tulikusema vibaya kwa miaka mingi, tena kwa sauti, na kuta za bweni ni nyembamba, kwa hiyo ulisikia. Hukubadilisha chai ikawa ya rangi. Hukumnyima mtu foronya.

Nenda kapumzike, mama. Tunakuombea miguu isiyouma, usingizi usiokatizwa na mtu anayegonga kwamba taa imeungua, na majirani watakaokuamini kabla hujawaonyesha karatasi.